Kipima unyevu kisicho na pini: miezi nane nacho, utamu wake na visa vyake

Nianze na matundu, maana bila yale matundu hii mashine nisingeinunua. Nililetewa meza ya zamani, mbao nene ya mtiki, imepasuka katikati mstari mrefu mwembamba kama unywele, mwenyewe anataka ufa uzibwe na meza ipigwe vanishi upya. Mi nikachukua kipima changu cha siku zote, kile cha pini mbili, nikachoma hapa, nikachoma pale, nikachoma na karibu na ufa kuona unyevu umekaaje kabla sijatia gundi. Kazi ikaisha vizuri, ufa umepotea huuoni hata ukiinama. Mwenye meza akaja, akapitisha kiganja juu yake, akanyamaza, akazunguka upande wa dirishani akainamisha kichwa afu akaniuliza, "Fundi, na hivi vitundu viwili viwili ni wadudu?" Aisee. Nikamwambia hapana, ni mimi.

Vanishi ilikuwa imeingia mle ndani na kufanya vidoti vyeusi, jozi sita, zimepangana vizuri kabisa utadhani nimezichora. Siku ile ile nikaanza kutafuta mashine ya kupima bila kutoboa. Jina la kampuni siliweki, hizi mashine karibu zote zinafanya kazi kwa namna moja na mengi nitakayosema hapa utayakuta kwenye ya kwako pia hata kama imeandikwa jina lingine juu.

Iko hivi. Ukubwa wake ni kama simu nene, mbele ina skrini na vitufe vitatu, mgongoni kuna bamba bapa lenye upana wa vidole vitatu hivi. Hilo bamba unalilaza juu ya mbao, linapeleka uga wa umeme ndani ya mbao bila kutoboa chochote, afu mashine inasoma mbao imeupokeaje. Ujanja wote uko kwenye maji, kwa kipimo cha watu wa umeme hewa ni 1, mbao kavu inacheza kama 2 mpaka 4, maji ni karibu 80, kwahiyo maji kidogo tu yakiwemo ndani ya mbao yanajionyesha. Ile ya pini yenyewe inaangalia umeme unapita kwa shida kiasi gani kutoka pini moja kwenda nyingine, mbao kavu inaukatalia, mbao yenye maji inaupitisha. Mbili hizo zinatafuta kitu kimoja kwa njia tofauti, na ndo maana zikibishana usikimbilie kusema moja ni mbovu.

Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Nimepima karakana nzima, mlango, fremu, benchi, mpini wa nyundo (haikukubali, nitasema kwanini), mbao zote za kwenye rafu, nusu saa sina tundu hata moja. Na ile ya pini kwa muda huo ningekuwa nimepima mbao kumi na mkono unauma, maana mtiki na mbao ngumu nyingine kuzichoma pini si mchezo, pini zenyewe zinapinda.

Furaha ikaisha jioni. Mbao moja ya mtiki ambayo ilikuwa ndani zaidi ya mwaka imesomeka unyevu wa asilimia 14.8. Haiingii akilini. Chumba kile unyevu wa hewa unacheza kwenye asilimia 60 na kitu, na mbao ikikaa sehemu muda mrefu inafuata hewa ya pale, hewa ikiwa 50 mbao inatulia kama 9, hewa ikiwa 65 inatulia kama 12, ikifika 80 ndo unaongelea 16. Sasa 14.8 imetoka wapi?

Kumbe ni kosa langu, na ndo kosa nadhani kila mtu analifanya. Hii mashine haioni maji peke yake, inaona kila kitu kilichopo chini ya bamba, maji pamoja na mbao yenyewe. Mbao nzito ina vitu vingi vya kusoma kuliko mbao nyepesi hata kama zote ni kavu sawa. Kwahiyo lazima uiambie hii mbao ni nzito kiasi gani ndipo itoe hesabu ya maji. Kwenye seti kuna namba ya densiti, yaani uzito wa mbao ukilinganisha na maji ya ujazo ule ule, maji yakiwa 1, yangu ilikuja na 0.45 kutoka kiwandani ambayo inafaa mbao laini laini, paini nyingi zinacheza kati ya 0.35 na 0.5. Mtiki ni kama 0.55. Ukipima mbao nzito huku mashine imesetiwa kwa mbao nyepesi inakusomea unyevu mwingi kuliko uliopo, na ukifanya kinyume chake inakusomea kidogo, na hilo la pili ndo baya zaidi sababu unaitia gundi mbao mbichi huku unapiga mluzi. Nikapandisha seti mpaka 0.55, nikarudia pale pale, 12.4.

Sikuridhika bado, we mashine umeshanidanganya mara moja. Nikakata kipande kutoka katikati ya mbao ile ile (kichwani usikate, kichwa cha mbao kinakauka haraka kitakupa habari za uongo), nikafuta unga wa msumeno, nikapima uzito, gramu 148.2. Nikatia kwenye oveni nyuzi 103, siku nzima, natoa napima narudisha, natoa napima narudisha, mpaka uzito ukagoma kushuka, gramu 132.1. Toa hiyo kwenye ya kwanza unapata 16.1, ndo maji yaliyotoka, gawa kwa 132.1, zidisha kwa 100, unapata 12.2. Mashine ilisema 12.4. Hapo ndo nikaivulia kofia.

Angalia hapo unagawa kwa uzito wa mbao kavu, sio uzito wa mwanzo, wengi wanakosea hapo. Ndo maana mti mbichi uliokatwa leo unaweza kuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 100 na hakuna aliyechizi, maji yamezidi uzito wa mbao yenyewe basi. Na kama utajaribu nyumbani mizani iwe ya kusoma gramu na pointi, ya gramu kamili kamili kwenye kipande kidogo hivi inaweza kukupoteza karibu asilimia nzima. Mi niliazima.

Mpingo usijisumbue. Densiti yake inapita 1, ukiutupa majini unazama, na seti yangu inaishia 1.0. Nilijaribu, ikanipa namba, nikaicheka, nikaizima.

Haya, kisa cha pili. Nilikuwa na vibao vyembamba vya milimita 4 vya kutengenezea boksi, nikavilaza juu ya meza ya msumeno nikaweka mashine. 38. Nikahamisha, 41. Vibao vimekauka mpaka vinalia ukivigonga! Nikahisi betri. Nikabadilisha betri. 38 tena. Baadaye ndo nakumbuka meza ya msumeno ni chuma na hii mashine inasoma mpaka milimita 20 kwenda chini, vibao vyangu ni 4, kwahiyo zile 16 zilizobaki ilikuwa inapima chuma. Chuma kinairusha vibaya mno. Hata bila chuma, ukilaza kibao chembamba juu ya benchi la mbao inakuchanganyia kibao na benchi, na ukikiinua juu hewani inachanganya kibao na hewa inakusomea chini. Dawa yake nimeipata mwenyewe kwa kuhangaika, panga vibao vya aina moja vitano sita vishikane pasiwe na nafasi kati yake mpaka unene upite ile milimita 20, afu weka mashine juu. Nilipofanya hivyo ikanipa 9.6 na ikatulia hapo hapo. Misumari na skrubu zilizojificha nazo zinafanya hivyo hivyo, namba ikiruka ghafla sehemu moja tu ya mbao ya zamani tafuta msumari kabla hujalaumu maji. Kwa kweli nimeshatumia kama kitafuta misumari kabla ya kupiga randa na imeniokolea visu.

Mkono pia. Usiweke kiganja chini ya mbao nyembamba pale pale mashine ilipo, mtu ni maji matupu, inakusoma wewe.

Kisa cha tatu ndicho kiliniuma. Miguu ya meza, nimenunua magogo mraba ya sentimita 10 kwa 10, muuzaji anaapa yamekauka. Nikapima pande zote nne, 12, 12.5, 11.8, 12. Safi, nikashukuru, nikaanza kupasua kati niyapunguze. Msumeno ukafika nusu ya safari ukaanza kubanwa, mbao inafunga nyuma ya kisu, nikatia kabari nikamaliza kwa tabu. Nikafungua vile vipande viwili kama kitabu. Harufu ya mbao mbichi ikanipiga usoni, unaijua ile harufu, nikaweka kiganja kwenye uso mpya wa ndani, baridi. Nikaweka mashine, 21.

Mashine haikudanganya hata kidogo. Iliniambia habari za milimita 20 kutoka kila upande na hizo 20 ni kavu kweli. Katikati palibaki sentimita 6 nzima ambazo hakuna mtu alizisoma. Na hata ndani ya zile 20 haisomi kwa usawa, ya juu juu ndo inaisikia zaidi na kadiri inavyoenda chini inafifia. Sasa hapa yule wa pini anashinda, zipo za pini ndefu zilizofunikwa plastiki mpaka karibu na ncha, unazipigilia kwa nyundo zinasoma kule kule ncha ilipo tu, unaweza kufuata unyevu hatua kwa hatua mpaka katikati. Unatoboa ndio, lakini gogo la kupasua unatoboa una shida gani.

Baada ya hapo nikaanza kuitumia vizuri kile kitufe cha kina ambacho nilikuwa nakidharau. Yangu ina hatua mbili, milimita 5 na 20. Nasoma zote mbili sehemu moja. Juu 9 ndani 14, hiyo mbao bado haijatulia, ukiipasua au ukiipiga randa upande mmoja itakunja kesho yake asubuhi. Juu 16 ndani 11, hiyo imeloa juu tu, mvua au kitambaa kibichi au imelala karibu na ukuta wenye maji, iache siku chache ipate hewa. Zikilingana au zikikaribiana, endelea na kazi. Kwa mbao ya sentimita 4 kushuka chini ukipima juu na chini umeimaliza yote, na kazi zangu nyingi ziko hapo.

Mengine niyapitie haraka haraka. Uso wa mbao uwe sawa, mbao ghafi ya kutoka kwenye msumeno mkubwa ina mabonde, hewa inaingia chini ya bamba na namba inashuka, piga randa kidogo sehemu ya kupimia. Bonyeza kwa nguvu ile ile kila mara. Toka kichwa cha mbao kama sentimita 30, epuka vifundo, pima sehemu nne tano, usichukue moja ukakimbia nayo. Joto haliisumbui sana kama linavyoisumbua ya pini, ile ya pini mbao ikiwa ya moto inakupandishia na ikiwa ya baridi inakushushia, kwa makadirio asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi 10. Vanishi nyembamba haina neno, nimepima kabati lililopakwa na lisilopakwa la mbao hiyo hiyo tofauti haikufika nusu asilimia. Ila mbao bandia yenye ngozi ya mbao juu, hiyo unapima gundi na unga, achana nayo.

Na juu ya 30 usiisikilize, wala ya pini usiisikilize. Kuanzia kama 28 mpaka 30 kurudi chini ndo mbao inaanza kusinyaa, juu ya hapo maji yamekaa tu kwenye uwazi wa ndani, yakitoka mbao haibadiliki umbo. Namba ikisema 45 we elewa ni mbichi, usianze kujadiliana na ile pointi ya mwisho.

Mpini wa nyundo sasa. Mviringo haukubali. Bamba linataka kukaa lote, mguu wa kiti wa duara, shingo ya gitaa, kigae kidogo cha kujazia, mwiko, vyote hivyo huwezi. Kwa mtu anayechonga na kutengeneza viti tu hii mashine itamkaa kwenye droo.

Malalamiko. Inajizima baada ya dakika moja na ikiwaka inarudi kwenye 0.45 ya kiwandani, yaani haikumbuki seti yako, sijui nani aliona hili ni wazo zuri, mara mbili nimepima mbao nzito na seti ya mbao nyepesi sababu ya hilo tu. Jedwali la densiti liko kwenye karatasi nyembamba ya herufi ndogo kama siafu, na mbao nyingi ninazofanyia kazi hazimo, nilimwandikia muuzaji akanijibu "tumia inayokaribiana". Inayokaribiana na nini? Basi nikaanza daftari langu, kila aina ya mbao nakausha kipande kimoja kwenye oveni, naangalia namba gani ya seti inaleta jibu sawa na mizani, naandika. Nina aina tisa sasa hivi na hilo daftari nalithamini kuliko mashine. Betri ikikaribia kuisha namba zinaanza kucheza kabla alama ya betri haijatokea, kwahiyo kila asubuhi naishika hewani mbali na kila kitu, inatakiwa isome 0, isiposoma 0 betri kwanza. Kipande cha kuhakiki ambacho wengine wanapewa kwenye boksi mi sikupewa, nimejitengenezea cha mtiki nilichokipaka vanishi pande zote sita ili kisiwe kinanyonya na kutoa unyevu ovyo, kisibadilike sana.

Nani anunue? Fundi wa sakafu, mkono wa kwanza. Sakafu huwezi kuitoboa toboa, na unachotaka pale ni tofauti ya unyevu kati ya mbao za juu na za chini yake, watu wa sakafu wanasema isizidi asilimia 4 kwa mbao zenye upana mdogo na 2 kwa zile pana, kazi ya kulinganisha hivyo hii inaiweza sana, unatembea nayo chumba kizima kama unapiga pasi. Anayekarabati samani za watu, bila kujiuliza. Anayenunua mbao yadi na hataki kugombana na mwenye yadi kwa kumtobolea mali, naam. Mtu wa kuni, mtu wa magogo, mtu wa kuchonga, baki na pini.

Na kama huna hela ya yoyote kati ya hizo ipo njia ya bure ambayo nayo haitoboi, chukua mbao moja kwenye rundo, ipime uzito, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli, irudishe kwenye rundo, wiki ijayo pima tena. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu nne mfululizo imefika pale hewa ya chumba chako inapoweza kuifikisha. Haikupi asilimia lakini inakwambia tayari au bado, na mara nyingi ndo swali lenyewe.

Kwa ujumla naipa nne kwenye tano, ile moja imeenda na kile kichaa cha kusahau seti. Kuna siku karibu niipe tatu, ila wiki iliyopita yule wa meza kaja tena, safari hii na mlango wa kabati umejaa haufungi. Hajaushusha hata chini akaniuliza, "Kile kidude cha matundu bado unacho?" Nikatoa hii mpya nikamwekea kwenye mlango, nikamwachia asome mwenyewe, 15.5. Akainua mashine, akapapasa pale ilipokuwa, akapapasa tena, afu ndo akauacha mlango.